Sinia Lililotakiwa Kunyamaza

Dada Tomie anapika chakula cha mchana cha watoto mia sita, na kwa mikono hiyohiyo ametengeneza amplifaya ya valvu. Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakilisikia hucheka, na mimi nikimwona mtu anacheka damu yangu huchemka. Chekeni sasa, mmalize, tuendelee.

Jina lake kamili ni Sugiura Tomie. Siku yangu ya kwanza katika jiko la ile shule ya Nagoya, nilipokuwa sijui hata kuvaa zile buti nyeupe za mpira, yeye ndiye aliyenifunga aproni mgongoni bila kuniuliza natoka wapi. Aliniuliza baadaye, tukila, nikamwambia Tanga, akasema, "Basi utakuwa unaujua ubaya wa jua. Chukua wali zaidi." Tangu hapo ni dada yangu, na hiyo ni miaka ishirini na ushei.

Ni mfupi, mwepesi wa kucheka, na viganja vyake ndivyo kipimajoto cha jiko letu. Anaweka kiganja ubavuni mwa sufuria kubwa la supu, anahesabu kimoyomoyo, kisha anasema "bado" au "pakueni". Siku moja mkaguzi alikuja na kipimajoto chake cha betri, wakatofautiana na Dada Tomie. Mkaguzi aliporudi ofisini aligundua kibovu ni kile cha betri.

Mumewe, Mitsuo, ni mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana analala. Nyumba yao ni vyumba viwili vyenye kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia "afya". Dada Tomie anatoka jikoni saa tisa alasiri, anapenda muziki kuliko kula, na hawezi kufungulia redio. Akabaki na hedfoni tu, na hedfoni alizokuwa nazo zilitoa sauti nyembamba, kavu, hata mwimbaji aliyeshiba akawa kama ana njaa.

Kwa daktari wa meno, akisubiri kung'olewa gego, alifunua gazeti la zamani la mafundi akakuta mchoro wa amplifaya ya hedfoni. Ilikuwa ya valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani ambavyo vikipata umeme huwaka wekundu ndani kama kaa la jiko. Mwandishi alikuwa mzee mmoja wa Tokyo anayeitwa Kuwabara. Dada Tomie akaliomba lile gazeti, daktari akampa pamoja na dawa ya maumivu, na jioni ile, shavu limevimba, akamwandikia mzee barua kumwuliza mtu asiyejua lolote anaanzia wapi.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Akalileta jikoni, tukalisoma tukimenya karoti. Mzee alikuwa amemrudishia barua yake mwenyewe, imesahihishwa kwa penseli nyekundu.

"Huyu mzee hana adabu," nikasema. "Umemtumia salamu, anakurudishia imejaa tiki kama daftari la mtoto!"

Mnisamehe, nieleze kidogo. Huku Japani tiki ni alama ya kosa, na duara ndilo sahihi. Mtoto aliyefanya vizuri kupita kiasi mwalimu humchorea ua jekundu, duara juu ya duara na petali pembeni, naye huikimbiza karatasi ile mpaka dirisha la jiko letu, anapiga kelele tumwone.

"Soma mwisho," Dada Tomie akaniambia.

Mwishoni, chini ya tiki kumi na moja, mzee alikuwa ameandika: *Anza na valvu moja. Chora, nitumie. Usiguse umeme kabla sijaona mchoro.*

"Nimeuliza mafundi watatu hapa mjini," akasema Dada Tomie, macho yanamwaka. "Wote wameniambia, mama, kanunue iliyotengenezwa. Huyu ndiye wa kwanza aliyenikosoa. Unajua maana yake? Anaona naweza kupatia!"

Nikaendelea kumenya, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi sipendi kushindwa mbele ya karoti.

Miaka sita waliandikiana hivyo bila kuonana. Dada Tomie alichora mezani pa kulia chakula, akituma. Mwalimu Kuwabara, ndivyo tulivyozoea kumwita, alirudisha na tiki zake. Dada Tomie alijifunza kulehemu kwa risasi, akaunguza kitambaa cha meza, halafu meza, halafu nyusi. Alitengeneza kifaa cha valvu moja kikatoa moshi. Alitengeneza cha pili kikaimba dakika nne kisha kikanyamaza milele. Kila Jumamosi alikuwa mtaa wa Osu, kwenye vile vibanda vya vipuri vya redio, anachambua rezista anavyochambua mchicha, na wenye vibanda wakaacha kumwuliza kama amemfuatia mume mzigo.

Maduara akayapata, moja hapa, mawili pale. Ua hakulipata. Alikuwa akifungua bahasha mbele yangu anapitisha macho haraka juu ya karatasi nzima, na mimi nilijua anatafuta nini, mwanamke wa miaka hamsini na minane.

Mwaka wa sita akachora ile kubwa. Valvu nne, mbili kwa kila sikio. Kwa kasha alichukua sinia la alumini la shuleni, lile la rangi ya dhahabu, lililokuwa linatupwa kwa sababu ya bonde pembeni. Na transfoma, kile chuma kizito kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa, aliipata Osu chini ya kaunta, nyeusi, ya kiwanda kilichokwisha kufa, na kibati kidogo cha shaba chenye tarakimu. Aliibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili, na siku nzima hakuweza kuongea habari nyingine. Kwenye mchoro akaiandika kama kibati kilivyosema: *volti 100, 60*.

Mchoro ukarudi. Kwenye transfoma palikuwa na duara kubwa jekundu na maneno: *Nzuri. Nzito. Usiibadilishe.* Pembeni palikuwa na tiki moja tu. Dada Tomie alikuwa amechora nyaya za transfoma ndefu, zimezungushwa na kufungwa uzi. *Waya mrefu ni uvivu. Kata.*

"Sikati," akasema Dada Tomie.

"Mwalimu kasema ukate."

"Mwalimu hajawahi kupika. Kitu kizito na cha moto hukifungi mahali bila kuacha nafasi ya kukishika upya. Nitakata akishasikiliza."

Kisha mwezi Septemba ikaja karatasi kwa faksi ya shule, mwalimu mkuu akatuletea jikoni mwenyewe, uso umemkauka. Iliandikwa kwa herufi kubwa. *Sikio langu la kulia lilikufa zamani. La kushoto daktari anasema litafika majira ya maua tu. Mkutano wa chama chetu ni Novemba. Kama unayo, njoo nayo. Kama huna, usihangaike. Kuwabara.*

Dada Tomie alisoma, akakunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kukoroga supu. Alikoroga kwa muda mrefu kuliko supu ile ilivyohitaji.

"Lazima asikie," akaniambia. "Miaka sita nimemtumia karatasi. Hajawahi kusikia hata kitone."

Na hapo palikuwa na tatizo. Chama kile cha mafundi wa valvu kina sheria ambayo Mwalimu Kuwabara mwenyewe aliiweka walipokianzisha, na Dada Tomie alikuwa ameibandika juu ya friji. Kabla ya muziki wanasikiliza kimya. Amplifaya inawashwa, sauti inafunguliwa mpaka mwisho, hakuna chochote kinachopigwa, na wakaguzi wanavaa hedfoni mmoja baada ya mwingine. Hedfoni ziko juu ya sikio, hazifichi kitu. Ukisikika mvumo hata mdogo, na mwenye nayo akashindwa kuuondoa ndani ya dakika zake ishirini, anafunga mzigo anarudi mwaka unaofuata. Kwa wengine mwaka unaofuata ni mwaka tu. Kwa sikio la Mwalimu haukuwepo.

Jamani, Oktoba ile! Sisahau. Dada Tomie alikuwa anakuja kazini na risasi kwenye kucha. Alitoboa sinia kwenye baraza, jirani wa chini akapanda kulalamika, akabaki kushika taa. Jumapili ya kwanza ya kuwasha tulikuwa watatu, Mitsuo kasimama nyuma ya friji na ndoo ya maji.

"Baba, weka hiyo ndoo!" Dada Tomie akamfokea. "Huu ni umeme, unataka kutuzika?"

Akawasha. Valvu nne zikaanza kuwa nyekundu polepole, na mimi nikashika mkono wa Mitsuo bila kujua. Hakuna moshi. Dada Tomie akavaa hedfoni, uso ukang'aa, kisha ukaanguka.

"Inavuma."

Faksi ikaenda usiku, ikajibiwa alfajiri kwa tiki nyekundu ambayo mashine iliichapa nyeusi: *Rangi ya dhahabu ya sinia haipitishi umeme. Waya wako wa ardhi umekaa juu ya rangi. Kwaruza mpaka uone weupe.* Dada Tomie akakwaruza kwa kisu cha viazi, akafunga skrubu, akawasha, akanivisha mimi.

Sikusikia kitu. "Umeiwasha?"

"Imewashwa."

"Umefungua sauti?"

"Mpaka mwisho."

Nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Nikasikia damu ikitembea masikioni. Halafu akabonyeza kimashine chake cha kaseti, na loo, nikaruka kitini! Lilikuwa jiko letu. Alikuwa amelirekodi wiki ile: kisu kikikata kabichi, mvuke, mifuniko, na mbali kule watoto mia sita wakishukuru kwa pamoja kabla ya kula. Haikuwa sauti ya redio. Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu na nilikuwa nimekaa sebuleni kwake, vyote kwa mara moja. Katikati ya kaseti mimi nimeangusha kijiko, na baada ya hapo anasikika akinikaripia.

"Hicho kijiko chako kimeniharibia," akasema.

"Rekodi tena."

"Muda sina. Nitakwenda na kijiko chako."

Tokyo tulikwenda wawili, Mitsuo alikuwa zamu. Kwenye treni ya kasi Dada Tomie aliipakata amplifaya ndani ya kitambaa cha kufungia, kama mtoto mwenye surua, akakataa kuiweka juu. Mimi nilikula matonge ya wali wenye kamba wa baharini, ya watu wawili, kwa sababu yeye hakutaka kuuachia mzigo hata mkono mmoja. Zawadi ya Mwalimu, peremende laini za mchele za Nagoya, nilizishika mimi.

Ukumbi ulikuwa wa mtaa, wa kukodi, slipa mlangoni, meza za kukunja, wazee kumi na wanne na amplifaya zao zinazometa kama vyombo vya harusi. Wanawake tulikuwa sisi wawili. Katibu wao, Ebihara, fundi televisheni mstaafu mwenye kitambi na mdomo mpana, alitupokea kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumchokoza.

"Mama wa supu amefika! Na sinia lake! Leo tunapewa na kijiko?"

"Kijiko kimo ndani ya kaseti," akajibu Dada Tomie. "Wewe njoo na bakuli."

Wazee wakacheka, na mimi nikampenda Ebihara kidogo, si sana.

Mwalimu Kuwabara alikuwa amekaa mbele, mdogo kama kinda, miaka themanini na minne, penseli nyekundu imechomekwa nyuma ya sikio lile lililokufa. Dada Tomie akainama mpaka nikadhani hatainuka tena. Mzee akamtazama toka slipa mpaka nywele, akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri:

"Mwandiko wako ni mkubwa kuliko wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nyaya hukukata."

"Sikukata, Mwalimu."

"Haya. Tuone."

Zamu yetu ikafika saa tisa na nusu. Ebihara akatega saa ya mezani. Dada Tomie akachomeka, akawasha, valvu zikawaka ule wekundu wake mzuri, moyo wangu ukatulia. Kwetu ilikuwa imenyamaza siku kumi na saba mfululizo. Ebihara akavaa hedfoni, akafumba macho, akafungua sauti mpaka mwisho.

Akazivua taratibu. Hakufanya mzaha.

"Inavuma."

Mkaguzi wa pili akavaa. "Kweli. Inavuma sana."

"Haiwezekani!" Nililisema mimi, kwa sauti, kwa Kiswahili, na wazee wote wakanigeukia.

Dada Tomie akavaa mwenyewe. Nilimwona anavyobadilika rangi. Akazivua, akaziweka mezani kwa adabu kabisa. Nikamtazama Mwalimu. Nilikuwa nangoja aseme, leteni hivyohivyo, sheria ni yangu, nami sina mwaka mwingine. Mtu yeyote angesema.

"Ametumia dakika tatu," akasema Mwalimu Kuwabara. "Anazo kumi na saba."

Nilitamani kumtikisa mzee yule mpaka penseli imdondoke. Lakini Dada Tomie alikuwa ameshageuza sinia juu chini na kutoa kisu cha viazi. Ardhi, akasema, labda skrubu imelegea njiani. Akakwaruza upya, akakaza, akawasha. Ikavuma. Akabadilisha tundu la ukutani. Ikavuma. Akabadilisha valvu za kushoto na kulia, akisubiri zipoe, akisubiri ziwake. Ikavuma vilevile. Saa ya Ebihara ikasema zimebaki dakika nane, na Dada Tomie akasimama wima, akafanya anachofanya jikoni anapokuwa hajui kilichoharibika katika sufuria. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya transfoma.

Akauondoa haraka.

Akauweka tena. Midomo ikahesabu. Nyumbani ilikuwa ikiwashwa saa nzima, anahesabu mpaka thelathini kiganja kikiwa juu yake. Hapa alifika tano.

"Ina homa," akasema.

"Nini?" akauliza Mwalimu.

"Transfoma, Mwalimu! Ina homa! Dakika kumi na mbili tu, tena nimeizima mara tatu, na haishikiki!" Akainama, akakisogelea kile kibati cha shaba, na nikamwona anaganda. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa na ndugu yake. "Sitini. Imeandikwa sitini. Mwalimu, huku kwenu umeme unapiga mara ngapi?"

Ukumbi mzima ukashika vichwa. Wazee kumi na wanne, mafundi wa maisha, wanajua toka utotoni kwamba umeme wa Nagoya unapiga mara sitini kwa sekunde na wa Tokyo mara hamsini, na kwamba chuma kilichopimiwa sitini ukikipa hamsini kinalemewa, kinapata moto, kinatapika mvumo kwa kila kilicho jirani. Vitu vya siku hizi vinakubali zote mbili, ndiyo maana hakuna anayeangalia. Dada Tomie alikuwa amezaliwa na kukaa Nagoya. Mwalimu hajawahi kuhama Tokyo. Kila mmoja aliichukulia ile sitini kwa macho ya nyumbani kwake, mmoja hakuiona kuwa ni tatizo, mwingine hakuiona kabisa.

"Dakika saba," akasema Ebihara. Halafu mtu yule niliyempenda kidogo akaufungua mdomo wake mpana. "Mnangoja nini? Leteni kile kipunguza volti changu! Mama, ukishusha volti chuma kitapumua!"

Wakaleta boksi lenye kirungu cha kuzungusha. Dada Tomie akachomeka humo, Ebihara akashusha volti polepole. Mvumo ukapungua, lakini valvu nazo zikaanza kufifia.

"Usizishushe zaidi, zitakufa njaa!" Dada Tomie akapiga kelele.

"Hapa basi. Themanini na nane."

Dada Tomie akavaa hedfoni. "Umebaki. Mdogo, lakini upo."

"Dakika tano."

Ndipo Dada Tomie akaziona nyaya zake. Nami niliziona wakati uleule, zile nyaya ndefu zilizofungwa uzi, uvivu wa tiki moja, nikapiga yowe. Akazima, akafungua skrubu nne, nami nikikata uzi kwa meno, akaitoa transfoma kwenye sinia, akavaa glavu zake za jikoni za kushikia masufuria, akawasha, akaiinua kwa mikono miwili mbali na valvu kadiri nyaya zilivyofika.

"Mama, vidole mbali na ncha!" akalia Ebihara. "Utatangulia kwa mababu bila nauli!"

"Nani anavaa?" Dada Tomie akauliza, mikono hewani. "Mimi siwezi kushika na kuvaa!"

Mwalimu Kuwabara akanyoosha mkono. Hakuna aliyemwambia. Akavaa hedfoni, akaibana ile ya kushoto kwa kiganja juu ya sikio lake la mwisho, akafumba macho.

"Geuza," akasema.

Dada Tomie akaigeuza transfoma ubavu.

"Mbaya zaidi. Rudi. Hapo. Endelea. Inamishe. Zaidi. Umepita! Rudi unywele mmoja."

Jasho lilikuwa linamtiririka Dada Tomie mpaka kwenye kidevu, na mimi nilikuwa nampangusa kwa leso kama bondia. Chuma kile kina uzito wa mtoto wa mwaka. Alikuwa anakigeuza kidogo, kidogo, kidogo.

Mzee akainua kidole kimoja. Wote tukaacha kupumua.

"Umeiwasha?" akauliza.

"Imewashwa, Mwalimu."

"Sauti?"

"Mpaka mwisho."

Kidole kikabaki juu. "Basi sisikii kitu," akasema, na tabasamu likaanza upande mmoja wa uso wake. "Na namshukuru Mungu kwamba safari hii si sikio."

Ebihara akavaa kuhakiki, maana sheria ni sheria, akatikisa kichwa kwamba hakuna, akatazama saa. "Dakika mbili! Piga, mama, piga!"

Dada Tomie alikuwa bado kashika transfoma, hawezi hata kujikuna. Mimi ndiye niliyeshusha sauti na kubonyeza kaseti.

Mwalimu Kuwabara alisikiliza mikono imekaa magotini. Ukumbi ulikuwa kimya, hakuna mwingine aliyesikia kitu, sauti yote ilikuwa ndani ya kichwa chake. Tulisoma uso tu. Alikunja paji, nadhani kwenye kisu na kabichi. Akafungua mdomo kidogo, nikajua ni watoto. Kisha akacheka kwa sauti.

"Kuna mtu kaangusha kijiko!"

"Ni mimi!" nikapiga kelele, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. "Mwalimu, ni mimi!"

"Na kuna mwanamke anamkaripia," akaendelea, macho yamefumbwa. "Mkali. Huyo ndiye niliyekuwa namwandikia?"

Dada Tomie alikuwa analia kimyakimya huku kashika chuma chake hewani, pembe ileile, hakisogezi hata unywele.

Saa ikalia. Mwalimu akavua hedfoni, akaomba mchoro. Nikautoa kwenye mkoba, ule wenye duara kubwa na *Usiibadilishe*. Akachomoa penseli nyuma ya sikio. Juu ya duara lake mwenyewe akapiga tiki, kali, mpaka karatasi ikatoboka.

"Hili lilikuwa langu," akasema. "Nilisahihisha kama vile Japani yote ni Tokyo."

Kisha akaanza kuzungusha penseli katikati ya karatasi. Mzunguko mmoja. Wa pili juu yake. Wa tatu. Ulikuwa mkono wa miaka themanini na minne, kwa hiyo petali zilitoka nyingine nene, nyingine nyembamba, nami nilizihesabu, zilikuwa tisa. Akaongeza shina na majani mawili.

Dada Tomie akaweka transfoma mezani, akavua glavu, akaupokea mchoro kwa mikono miwili, akausoma mpaka chini. Pale pembeni, karibu na ile tiki ya zamani ya nyaya, mzee alikuwa ameongeza tiki nyingine mpya: *Bado ndefu. Kata.*

Majira ya maua yalikuja, sikio lile likaondoka kama daktari alivyosema, na barua bado zinakwenda na kurudi. Transfoma mpya ya kukubali umeme wa pande zote mbili Dada Tomie ameinunua, imo sandukuni. Ile nyeusi bado iko juu ya sinia, na nyaya zake mpaka leo hajazikata.